Kipande cha Plastiki Mkononi mwa Mtoto: Maoni Juu ya Kufundisha Somo la Nuru

Walimu wanafunzi wengi hutoka vyuoni wakiamini kwamba somo la nuru haliwezi kufundishwa barabara katika shule ya msingi isiyo na sanduku la lenzi. Mimi nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, na kwa kuwa ni mkufunzi, niliwaaminisha wengine. Katika makala haya nakusudia kuipinga imani hiyo. Nionavyo mimi, karibu kila kijiji kina zana bora za somo hili, nazo ni vipande vya plastiki vyenye maumbo madogo mno yaliyosubiwa juu yake kwa ustadi mkubwa. Naona pia kwamba mtoto anayefundishwa jinsi maumbo hayo yanavyotengenezwa hulielewa somo la nuru kuliko yule anayekariri majina ya lenzi. Kabla ya kutoa hoja, nitaeleza kisa kilichonifanya nibadili mawazo, ingawa kisa chenyewe hakinipi sifa.

Kisa chenyewe

Miaka mingi iliyopita nilikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa la nuru, darasa la sita. Andalio lake la somo lilikuwa safi: utangulizi dakika tano, maelezo ya lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, mchoro ubaoni, maswali matano, muhtasari. Alianza vizuri. Hata alipofika kwenye mchoro, mvulana mmoja wa dawati la nyuma alinyosha mkono. Mkononi alikuwa na kipande chekundu cha plastiki kilichovunjika kutoka nyuma ya baiskeli.

"Mwalimu," aliuliza, "mbona hiki usiku kinawaka gari likija, na betri hakina?"

Yule binti alikichukua, akakigeuza huku na huku, kisha akasema mbele ya darasa zima, "Kusema kweli hata mimi sijui. Hebu njoni tukitazame pamoja."

Watoto wakakusanyika. Mmoja akasema kwamba upande mmoja ni laini na wa pili una vijipembe kama vya sega la nyuki. Mwingine akaomba madirisha yafunikwe kwa kanga. Kengele ilipolia, mchoro ulikuwa nusu ubaoni, na maswali matano hayakuulizwa hata moja.

Nilimpa alama za chini. Katika fomu niliandika kwamba ametoka nje ya andalio lake na kwamba amekiri ujinga mbele ya wanafunzi. Nilipomsomea maneno hayo chini ya mwembe, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Samahani, Mkufunzi. Basi lile swali ningelijibu vipi?"

Nilimwambia asubiri mpaka kitabu cha kiongozi cha mwalimu kimfikishe huko. Kweli ni kwamba sikuwa na jibu. Jioni ile, nikirudi kwa baiskeli, gari lilinipita kwa nyuma likapunguza mwendo, nami nikatambua kwamba uhai wangu ulikuwa umetegemea kitu nisichokielewa, kitu ambacho mtoto wa darasa la sita alikuwa ametaka kukielewa, nasi tukamnyima. Alama zilikwisha kupelekwa. Sikuwahi kumwomba radhi yule mwalimu, na makala haya ni sehemu ya deni hilo.

Yaliyomo katika kipande kile

Sasa nitalijibu swali la yule mvulana. Kiakisi cha baiskeli kina nyuso mbili. Uso wa mbele, unaotazama barabara, ni laini. Uso wa nyuma umejaa vipembe vidogo, na kila kipembe kina nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba, mfano wa kona ya chumba pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Mwali wa nuru ukiingia katika kona ya namna hii hugonga uso wa kwanza, ukagonga wa pili, ukagonga wa tatu, kisha hurudi sambamba na njia uliyojia. Haidhuru kama uliingia kwa kunyooka au kwa kukingama kidogo. Kioo cha kujitazamia hakifanyi hivyo, kwa kuwa mwali uliokipiga kwa upande wa kushoto huondokea upande wa kulia.

Basi taa ya gari ikimulika kiakisi, nuru hairuki ovyo gizani, bali humrudia dereva yule yule. Mtu aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Ndiyo maana watoto husema kwamba kiakisi "kinawaka" gari likija. Hakiwaki, kinarudisha amana. Yafaa wanafunzi walielewe jambo hili kwa sababu linagusa maisha yao. Kiakisi hakimwonyeshi mwendesha baiskeli njia, bali humwonyesha dereva kwamba mbele yake kuna mtu. Mtoto anayetumwa dukani kwa baiskeli magharibi inapoingia hana budi kuijua tofauti hiyo.

Jambo la pili ni kwamba nyuma ya vipembe hivyo hakuna rangi ya fedha kama ile iliyo nyuma ya kioo. Kinachorudisha nuru ni plastiki yenyewe. Nuru iliyo ndani ya plastiki ya akriliki ikiugonga uso kutoka ndani kwa pembe inayozidi nyuzi 42 hivi, ikipimwa kutoka mstari ulio wima juu ya uso huo, haiwezi kutoka, bali hurudi yote ndani. Katika vile vipembe, mwali ulioingia kwa kunyooka hugonga kila uso kwa nyuzi karibu 55, kwa hiyo hurudi. Lakini pana sharti moja, nalo ni kwamba nyuma ya uso huo pawe na hewa. Maji yakiingia mahali pa hewa, mpaka ule wa nyuzi 42 hupanda hadi nyuzi 63 hivi, na nuru nyingi hupenya na kupotea. Kwa sababu hii viakisi vizuri huzibwa kwa nyuma, na kiakisi kilichopasuka kikaingiwa na maji au tope hakimlindi mtu ingawa mchana kinaonekana chekundu kama kawaida.

Mwalimu atazame jinsi swali moja la mtoto lilivyobeba mambo matatu ya somo la nuru, yaani kuakisiwa, kupinda, na kurudi kwa nuru yote ndani. Yule binti hakutoka nje ya somo. Aliingia ndani yake kupita nilivyoingia mimi na fomu yangu.

Kalibu hutengenezwaje?

Hapo ndipo mtoto mwerevu atakapouliza swali linalofuata: ni nani anayechonga vipembe vyote hivyo? Jibu ni kwamba hakuna anayevichonga kimoja kimoja. Huchongwa kalibu moja, kisha plastiki husubiwa ndani yake mara maelfu. Kazi hii ni ndugu wa kazi ya mfua fedha anayesubu pete, na ya mfinyatuaji anayejaza tope katika kibao cha matofali. Tofauti iko katika udogo wa umbo na ukali wa kipimo.

Kwa kiakisi, mafundi huchukua vijiti vya chuma vyenye pande sita. Ncha ya kila kijiti huchongwa nyuso tatu za pembe mraba na kusuguliwa mpaka ing'ae. Vijiti vingi hufungwa pamoja kama mzigo wa kuni, ncha zote zikitazama upande mmoja. Kisha mzigo huo hutumbukizwa katika maji ya chumvi za nikeli, na mkondo wa umeme huifanya nikeli iote juu ya ncha, tabaka juu ya tabaka, mpaka ipatikane sahani nene. Sahani ikibanduliwa huwa ndiyo kalibu, kila palipokuwa na mwinuko pakiwa na shimo. Usahihi wa pembe si mapambo. Mwali ukikosa njia kwa nusu nyuzi tu, katika umbali wa mita 100 utapita karibu sentimita 87 kando ya pale ulipotakiwa. Fundi huruhusu nuru itawanyike kidogo tu, kwa kuwa jicho la dereva liko juu kidogo ya taa yake.

Mfano wa pili ni lenzi bapa. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyezaliwa mwaka 1788 na kufariki mwaka 1827, alitaka lenzi kubwa kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Lenzi kubwa ya kawaida ingekuwa nene na nzito kupita kiasi. Yeye alizingatia kwamba nuru hupinda usoni mwa kioo, pale inapoingia na inapotoka, wala si katika unene wake. Basi unene unaweza kupunguzwa, mradi mteremko wa uso ubaki. Akaugawa uso wa lenzi kuwa duara ndani ya duara, kila moja na mteremko wake, na mwaka 1823 lenzi ya namna hiyo ikawashwa katika mnara wa Cordouan huko Ufaransa. Mkulima atalielewa jambo hili upesi. Kilima kimepunguzwa kikawa matuta, lakini kila tuta limehifadhi mteremko wa mahali pake.

Lenzi ya Fresnel ilikuwa ya vipande vya kioo vilivyounganishwa. Siku hizi lenzi bapa husubiwa kwa plastiki katika bamba moja jembamba, na matuta yake yaweza kuwa kadhaa katika kila milimita. Kalibu yake hukerezwa kwa ncha ya almasi juu ya shaba au nikeli inayozunguka. Almasi hutumika kwa kuwa makali yake hukata kwa ulaini kiasi kwamba uso hauhitaji kusuguliwa tena. Msasa ungeyafuta matuta yenyewe.

Mfano wa tatu ni santuri ndogo ya kung'aa iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ile isomwayo kwa nuru ya leza. Upana wake ni milimita 120 na unene milimita 1.2. Ndani yake mna mstari mmoja unaozunguka kama mkeka wa ukili, nao ukinyoshwa hufikia kilomita tano hivi. Juu ya mstari huo mna vishimo vyenye upana wa kama nusu ya elfu moja ya milimita, na kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni milimita 0.0016 tu. Unywele mmoja wa binadamu ungefunika mizunguko zaidi ya 40. Umbo la kwanza huandikwa kwa leza juu ya kioo kilichopakwa utando unaobadilishwa na nuru. Kioo hicho hufunikwa kwa madini, nikeli huoteshwa juu yake kwa umeme, na kalibu hupatikana kwa njia ile ile ya viakisi. Plastiki ya polikaboneti hushindiliwa humo ikiwa na joto la nyuzi 300 hivi za Sentigredi, na kwa muda wa sekunde chache santuri moja huwa tayari kupakwa alumini. Zile rangi za upinde wa mvua unazoziona ukiigeuza juani hutokana na mizunguko hiyo iliyosongamana. Mtoto aliyeokota santuri mbovu jalalani ameokota chombo cha kuchambulia nuru.

Tabia za plastiki

Yasidhaniwe kwamba, kwa kuwa kalibu ni nzuri, nakala itakuwa nzuri. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji, na methali hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kiwanda. Plastiki ya moto ikigusa ukuta wa kalibu uliopoa, ngozi yake huganda papo hapo. Ikiganda kabla ya kufika chini ya kifuo, ncha ya tuta hutoka butu, na ncha butu hutawanya nuru badala ya kuiongoza. Kuna njia kadhaa za kulizuia hilo. Ya kwanza ni kuipasha moto kalibu yenyewe mpaka plastiki ijaze kila pembe, kisha kuipoza. Hasara yake ni kwamba kila kipande huchukua muda mrefu zaidi. Ya pili ni kushindilia plastiki wakati kalibu haijafungwa sawasawa, kisha kuibana ili mgandamizo ufike kila mahali. Ya tatu ni kuchukua bamba la plastiki lililokwisha kuwa gumu, kulipasha mpaka lilainike, na kulikandamiza juu ya kalibu. Akriliki huanza kulainika penye nyuzi 105 hivi, na polikaboneti penye nyuzi karibu 150. Njia ya nne haitumii moto, bali utomvu mwepesi humiminwa juu ya kalibu, ukaingia kila kifuo kwa urahisi, kisha ukagandishwa kwa miali ya urujuanimno.

Tabia ya pili ni kunywea. Plastiki ikipoa hupungua. Polikaboneti hupungua kama nusu ya sehemu moja katika kila mia, kwa hiyo mwenye kuchonga kalibu hana budi kuichonga kubwa kidogo kuliko kitu anachokitaka. Pale plastiki iliponenepa hubonyea zaidi, na lenzi iliyobonyea si lenzi iliyokusudiwa.

Tabia ya tatu ni kunywa unyevu. Akriliki na polikaboneti hufyonza mvuke wa hewani. Zisipokaushwa kwa saa kadhaa kabla ya kuyeyushwa, mvuke huo huchemka ndani ya kalibu na kuacha michirizi myeupe. Nne, plastiki iliyoharakishwa hubaki na mkazo ndani yake. Mkazo huo hauonekani kwa macho, lakini huipotosha nuru inayopita. Na mwisho kuna kubandua. Kifuo chenye kuta wima hukishika kile kilichoingia, na ukivuta kwa nguvu tuta hukatika. Kwa hiyo kuta hupewa mlalo mdogo kila inapowezekana, ili nakala iachane na kalibu bila ugomvi.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Baadhi ya tabia hizo mtoto aweza kuziona mwenyewe kwa mshumaa na sarafu.

Somo ninalolipendekeza

Somo hili lahitaji vipindi viwili katika darasa la tano au la sita. Zana ni hizi: sarafu mbili za aina moja, vipande vya mshumaa, kopo, maji ya moto, udongo wa mfinyanzi, mafuta kidogo ya kupikia, tochi, na kiakisi cha baiskeli. Kama yupo mwenye santuri mbovu ya kung'aa, ailete.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kalibu. Kila sarafu izungushiwe ukingo wa udongo na kupakwa mafuta kidogo sana. Moja iwe imetoka katika maji ya moto na kufutwa, na nyingine iwe imetoka katika maji ya mtungi. Mwalimu mwenyewe aiyeyushe nta katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, wala si juu ya moto mtupu, na aimimine mwenyewe, kwa maana nta ya moto huunguza vibaya. Kabla ya kumimina awaulize wanafunzi ni sarafu gani itakayotoa nakala bora, na kila kikundi kiandike utabiri wake pamoja na sababu. Nta ikipoa wabandue na kulinganisha. Mara nyingi ile ya sarafu baridi hutoka na mikunjo na herufi hafifu. Tena wataona kwamba katikati ya nta pamebonyea. Wasiambiwe sababu. Waulizwe: nta iliyokuwa hapo imekwenda wapi?

Kipindi cha pili kiwe cha nuru. Madirisha yafunikwe. Mwanafunzi mmoja ashike kiakisi mwisho wa darasa, na mwingine asimame upande wa pili na tochi. Kwanza aiweke tochi kando ya jicho lake, kisha ainyoshe mbali kadiri mkono ufikavyo. Wengine wasimame pembeni na kusema wanaona nini. Hapo watagundua wenyewe kwamba nuru humrudia aliyeituma. Kisha, kama kiakisi kilichovunjika kipo, uso wake wa vipembe ulowanishwe kwa maji na umulikwe tena. Watoto wataguna kwa mshangao, kwani ule mng'aro utakuwa umepungua sana. Hapo mwalimu aulize: kama kiakisi cha baiskeli ya nyumbani kimepasuka, tufanye nini? Kazi ya nyumbani iwe kukikagua kiakisi hicho na kuleta taarifa.

Mwalimu atakayefuata mpango huu atakuwa ameijengea msingi mada ya kuakisiwa na kupinda kwa nuru. Majina ya lenzi yatakuja baadaye, na yatakuwa na kitu cha kushikia.

Hoja za wanaopinga

Najua watakaosema kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa shule ya msingi. Nakubali kwamba nyuzi 42 na nyuzi 63 si za kuandikwa ubaoni katika darasa la sita. Nimezitaja kwa ajili yako wewe mwalimu, usije ukakwama. Lakini nta iliyokunjamana juu ya sarafu baridi si jambo kubwa. Ujuzi wa mwalimu yafaa uzidi somo lake kama kina cha kisima kinavyozidi urefu wa ndoo.

Wengine watauliza faida ya kufundisha kazi ya viwanda vya mbali. Nitawajibu waipindue ndoo ya plastiki iliyo jikoni. Katikati ya kitako aghalabu wataona kovu dogo la mviringo, nalo ni mahali plastiki ya moto ilipoingilia katika kalibu. Ndoo, vikombe na sahani za namna hiyo husubiwa Dar es Salaam na Nairobi kwa njia hiyo hiyo ya kushindilia. Kati ya kalibu ya ndoo na kalibu ya lenzi tofauti ni ya usahihi. Kijana atakayejenga daraja kati ya hizo mbili huenda leo yumo darasani mwako.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya mtihani. Mtihani huuliza tofauti ya lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo. Hauulizi habari za baiskeli. Mwalimu mwanafunzi naye ana mtihani wake, yaani mkufunzi aliyekaa nyuma na fomu. Siwezi kukushauri uidharau mitihani hiyo, kwa kuwa mtoto akishindwa si mimi nitakayemlipia. Wala sisemi kila swali la mtoto lifuatwe, maana yapo maswali ya kupoteza wakati, na mwalimu sharti ajifunze kuyatambua. Nasema kwamba swali linapoingia katika kiini cha mada, kulifuata ndiko kufundisha, na andalio lenye busara huacha dakika kumi kwa ajili ya swali la namna hiyo. Mchoro wa lenzi waweza kukamilishwa kesho. Hamu ya mtoto aliyenyamazishwa ni vigumu kuirudisha kesho.

Kwa wakufunzi wenzangu nina neno moja. Fomu zetu zina nafasi ya kuandika kama mwalimu amefuata andalio, na nafasi ya kuandika kama ubao umefutwa. Tuongeze nafasi ya kuandika swali lililoulizwa na mwanafunzi na jinsi lilivyopokewa. Mwalimu akisema "sijui, tutazame", tusimwandikie kosa kwa neno la kwanza kabla ya kutazama alilofanya kwa neno la pili.

Mwisho

Vyuoni tumezoea kusema kwamba mtoto ni udongo na mwalimu ndiye kalibu. Nimeutumia mfano huo mara nyingi, na sasa nauona una kasoro. Kalibu haiulizwi swali na yale iliyoyaganda, na nakala bora ni ile isiyotofautiana na kalibu hata kidogo. Yule mvulana wa dawati la nyuma hakuwa nta. Alikuja darasani na kitu chake mkononi na swali lake kinywani, akataka vipokewe.

Basi wewe unayejiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, kabla ya kulalamika kwamba shule uliyopangiwa haina zana, zunguka uwanjani penye baiskeli za walimu. Chukua tochi. Jioni ikiingia, simama mbali kidogo, iweke kando ya jicho lako, uimulike. Uchunguze mpaka uweze kueleza kwa maneno yako mwenyewe unachokiona. Na asubuhi, mtoto akinyosha mkono, mpe nafasi amalize swali lake.